Simba Mwenye Kinywa Wazi

"Si hapo!"

Inspekta Tawde aliinuka kabla makalio hayajagusa kiti.

"Hicho ni cha marehemu baba," alisema Bi Gulbanu Kolsawala. "Kile cha dirishani mguu wake mbovu. Na kochi halikaliwi na mtu aliyelowa."

Mvua ya Agosti ilikuwa inaimwagikia Bombay tangu alfajiri, na suruali ya Tawde ilikuwa imelowa hadi magotini. Alitazama sebule nzima. Viti kumi na viwili, makochi mawili na stuli, vyote vya mbao nyeusi ya Malabar, vyote vimechongwa maua na ndege na nyuso mahali hasa ambapo mgongo wa binadamu ungetaka kupumzika. Hakukuwa na hata kimoja alichoruhusiwa kukalia. Konstebo Shelar hakujisumbua kujaribu. Yeye alikuja jana akafundishwa adabu.

Aliyekaa ni mmoja tu, Bwana Adarbad, mdogo wake Bi Gulbanu, mzee wa miaka sabini mwenye goti bovu, anayesikiliza kriketi redioni. Kiti chake cha kubembea kilikuwa kimepakwa vanishi upande mmoja tu. Kila alipogeuza ukurasa, gazeti lake lilinata kwenye mkono wa kiti likachanika.

"Tuanze tena, mama," Tawde alisema. "Meza."

"Mara ya nne hii!"

"Basi iwe ya nne. Saa kumi mtu wako anasimama mbele ya hakimu, na sasa hivi ni saa saba na nusu. Nikienda mikono mitupu, atapelekwa gerezani. Ana miaka sitini na nane."

"Mtu wangu? Mwizi wangu, sema."

Meza yenyewe ilikuwa katikati ya sebule, ya duara, na juu yake marumaru nyeupe. Miguu yake minne ilitokea kwenye nguzo moja, na juu ya kila mguu palichongwa kichwa cha simba. Bi Gulbanu aliielekezea kidole bila kuisogelea.

"Babu aliagiza mbili, kwa ajili ya binti zake wawili. Akampa mchongaji kitabu cha michoro kutoka Uingereza. Simba wanne, vinywa vimefungwa, wapole, simba wa Kiingereza. Sasa mchongaji ni mtu wa Gujarati, simba wa Kiingereza atamjulia wapi? Manyoya akayageuza majani ya yungiyungi. Na kwenye meza ya mama, simba wa nne akamfungua kinywa na kumtoa ulimi, kama wale wa milangoni mwa mahekalu ya Kihindu. Babu akataka kuirudisha. Bibi akasema hairudi. Mimi nimeingiza kidole kwenye kinywa kile tangu sijaota meno."

"Na hawa?"

"Huna macho? Wote wamefunga!"

"Labda wamechoka kukusikiliza, dada," Bwana Adarbad alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Wewe nyamaza na kriketi yako!"

Tawde alingoja wamalizane. Alikwishajifunza kwamba kuwaingilia kunaongeza muda. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kila mwaka kabla ya Muktad, zile siku kumi ambazo Waparsi, watu wa hekalu la moto, huwakaribisha marehemu wao, Fundi Latif aliichukua meza kwenda kuipaka vanishi. Mwaka huu aliichukua kwa wiki tatu, akairudisha Jumatatu. Jumanne asubuhi Bi Gulbanu akapitisha kidole, akakosa kinywa, na kufikia mchana fundi alikuwa ndani. Leo ni Alhamisi.

"Na leo ni siku ya kwanza ya Muktad," alisema Bi Gulbanu. "Wazazi wangu wanakuja leo, Inspekta. Wanakuja, na meza ya kuwawekea maua hawana. Mbwa yule ameniibia hadi mapokezi ya mama yangu."

Tawde alivua kofia, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na tochi.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekaa na Latif kituoni kwa saa nzima, na saa nzima hiyo ilikuwa bure kabisa.

"Meza uliyoichukua ndiyo uliyoirudisha?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Bibi anasema siyo yake."

"Bi mkubwa ndiye anayejua vitu vyake."

"Latif, nisaidie nikusaidie. Ulipokuwa unapaka, simba wa nne alikuwa na kinywa wazi au kimefungwa?"

Mzee alitazama kucha zake, nyeusi kwa vanishi ya miaka mingi. "Mimi fundi tu, bwana mkubwa. Naletewa meza, napaka meza."

Hakutaka kusema zaidi. Tawde alimtishia, akambembeleza, akampa chai, akamnyang'anya chai. Shelar naye, kwa kutaka kusaidia, alikuwa amemburuta Tawde hadi soko la vitu vya kale kwa sababu eti kuna muuzaji ana meza ya simba. Walifika wamelowa. Walikuta meza ya tembo.

Sasa, chini ya meza, tochi ilimwonyesha vumbi gumu kwenye pembe za nakshi, gundi ya ngozi iliyogeuka rangi ya asali iliyoungua, na matundu ya wadudu yaliyozibwa zamani. Akakwaruza kwa ukucha. Mbao ilikuwa nyeusi hadi ndani.

"Mama," aliita kutoka huko chini, "meza hii ina umri gani?"

"Si ndiyo nakwambia, ni ya kughushi!"

"Meza hii ni kongwe. Haikuchongwa kwa wiki tatu wala kwa miaka mitatu. Mkono uliochonga viti hivi ndio uliochonga meza hii." Akatoka, nywele zimejaa utando. "Sasa niambie. Mwizi gani anaiba meza ya thamani, halafu anaacha mahali pake meza nyingine ya thamani ile ile? Amefaidi nini? Jasho?"

Tawde alitia tochi mfukoni.

"Shelar! Shika upande ule. Tunainua marumaru."

"Msiguse!" Bi Gulbanu alipiga kelele. "Itavunjika! Adi, waambie!"

"Wameshainua, dada."

Waliilaza marumaru kwenye zulia chali. Chini yake, kwa rangi nyekundu, palikuwa na tarakimu moja ya Kigujarati. Juu ya nguzo ya meza, mahali marumaru inapokaa, palikuwa na nyingine. Tawde alizitazama kwa zamu.

"Bwana Adarbad, nisomee hizi."

Mzee aliachana na gazeti, likabaki limening'inia kwenye kiti. Akaja akichechemea. "Kwenye jiwe ni nne. Kwenye mbao ni saba." Akakuna kidevu. "Hizo ni za hekalu letu. Kila Muktad tunapeleka meza huko, na kuhani anaziandika namba zisipotee. Sisi ni nne. Sisi siku zote ni nne."

"Na saba ni nani?"

Ndugu wawili wakatazamana.

"Tehmi," alisema Bi Gulbanu polepole. "Binti wa mama mdogo. Ile meza ya pili ya babu. Lakini Tehmi amekwenda Kanada mwaka juzi, meza yake aliiachia hekalu."

"Mwaka jana baada ya siku kumi, nani aliwarudishia meza yenu?"

"Wachukuzi, na mkokoteni. Jiwe mbali, mbao mbali, maana jiwe zito. Mvua ilikuwa inanyesha kama leo, nikawahimiza waingie upesi wasinichafulie sakafu."

"Ukawatazama simba?"

Bi Gulbanu alinyoosha mikunjo ya nguo yake.

"Mama. Uliwatazama?"

"Nilitandika kitambaa! Kitambaa cha lesi cha mama, kinafika chini. Juu yake picha, vinara, sahani za fedha. Hakivuliwi ovyo, ila kufuliwa kwa Muktad, kama nilivyokivua Jumanne. Latif mwenyewe hubeba meza na kitambaa chake, imeviringishwa, nakshi isigongwe."

"Kwa hiyo mwaka mzima meza ya Tehmi imekaa hapa mbele yako na wewe unaipangusa vumbi kwa juu." Tawde alivaa kofia. "Vaa viatu, mama."

Alipokuwa anapita mlangoni alisimama kwenye kabati kubwa, akafungua mlango wake kidogo, akanusa. Ndani, kwenye kila pembe, palibanwa karafuu.

"Hizi za nini?"

"Za wadudu. Latif huziweka, kila fanicha anayoipaka. Twende basi, au sasa unataka kununua kabati?"

Hekalu la moto lilikuwa nyuma ya ukuta, mtaa wa tatu. Getini palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa lugha tatu kwamba asiye Mparsi haingii. Tawde alikuwa ameishi mji huu miaka hamsini na alikijua kibao hicho. Hata hivyo alijaribu.

Kuhani Kaikhushru alitoka na mavazi meupe, akabaki upande wake wa geti. "Karibu, Inspekta. Baki hapo hapo."

"Mimi ni polisi, nipo kazini."

"Najua. Lakini polisi si dini."

"Dakika moja tu. Natazama mguu wa meza, natoka."

"Hata gavana hakuingia."

"Basi nitolee meza nje."

Kuhani alimtazama kwa huruma. "Chumba kimeoshwa, kimeombewa, maua yamewekwa, marehemu wameanza kufika tangu alfajiri. Nikuburutie meza mvuani? Subiri siku kumi."

"Sina siku kumi! Nina saa moja na robo!" Tawde alivuta pumzi. "Basi ingia wewe. Meza namba saba. Tazama kama simba mmoja ana kinywa wazi."

Kuhani akaenda. Wakangoja chini ya miavuli miwili, Shelar akiwa hana. Baada ya dakika kumi kuhani akarudi.

"Simba wapo," alisema.

"Kinywa?"

"Meza zimetandikwa vitambaa hadi chini, Inspekta. Nimeona kucha za miguu."

"Si uinue kitambaa?"

"Nina sala saa tisa, niko safi kwa ajili yake. Nikitambaa chini ya meza itabidi nioge upya, nianze upya. Nani atasali?"

Tawde alifunga macho. Alipoyafungua alimgeukia Bi Gulbanu.

"Mimi?" alisema Bi Gulbanu. "Nitambae chini ya meza za marehemu wa watu? Kwa umri huu? Watu wanaona!"

Hapo Tawde akachoka kabisa. "Sikiliza, mama! Tangu Jumanne umenisimamisha, umenilowesha, umeniita kipofu, na mimi nimenyamaza. Nilipouliza nani mshukiwa, uliinua kidole kimoja ukamtaja mtu. Kidole hicho hicho nakiomba sasa. Kilimtia ndani, sasa kimtoe. Mimi siwezi kuingia, konstebo hawezi, mdogo wako goti bovu, kuhani hataki. Umebaki wewe. Ingia, utie kidole chako, uje uniambie!"

Bi Gulbanu alifunga mwavuli wake. Kisha akajifunga kitambaa cha kichwa, akampa Shelar mkoba wake, akapita getini.

Ni baada ya yeye kupotea ndani ndipo Tawde alipoona alichokifanya. Kesi nzima ameiweka mikononi mwa mlalamikaji. Akitoka na kusema hakuna kitu, hakuna mtu duniani wa kumpinga. Na mwanamke yule, kwa siku tatu, hakukubali kosa hata la kiti.

"Afande," Shelar aliuliza, mkoba mweupe umemning'inia begani, "akisema uongo?"

"Nyamaza, Shelar."

Ilipita robo saa. Alipotoka, magoti ya nguo yake yalikuwa na alama za chokaa nyeupe ya mapambo ya sakafuni. Hakuufungua mwavuli. Alisimama mbele ya Tawde, mvua ikimpiga, akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na punje moja ya karafuu, kavu, imefifia rangi.

"Yupo," alisema. "Ilikuwa chini ya ulimi."

"Nani aliiweka?"

"Huweka yeye. Kila mwaka, akimaliza kupaka."

"Ya lini?"

Aliigeuza punje kwa kidole. "Ya mwaka jana. Mwaka huu simba huyo hakufika dukani kwake. Hajamgusa." Akafunga kiganja. "Meza ya mama ina maua, Inspekta. Maua mengi, wamewawekea watu wa Tehmi. Na mimi tangu juzi namlilia mama kwamba hana pa kufikia."

Tawde alitazama saa. Tisa na robo. Alimwambia Shelar atafute teksi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupaza sauti.

Kituoni waliandika haraka. Bi Gulbanu alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, bila kubishana, jambo lililomtia Tawde wasiwasi kuliko kelele zake. Kisha Latif akaletwa, hana viatu, shati limekunjamana, anakohoa.

"Uko huru, mzee," Tawde alimwambia. "Meza zilibadilishwa hekaluni mwaka jana. Wachukuzi walichanganya. Huna kosa."

"Alhamdulillahi," alisema Latif, bila mshangao wowote.

Tawde aliweka kalamu chini. "Wewe ulijua."

Latif akatazama sakafu.

"Ulijua! Tangu lini?"

"Tangu nilipovua kitambaa dukani, bwana mkubwa. Nimempaka simba yule miaka thelathini na minane. Nisimjue?"

"Na siku mbili nakuuliza, unaniambia wewe fundi tu! Ungesema neno moja, moja tu, ningekuwa nyumbani kwangu suruali kavu! Kwa nini hukusema?"

Mzee alimtupia jicho Bi Gulbanu, akaliondoa upesi.

"Nilidhani ameiuza."

Latif akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

"Hali ngumu, bwana mkubwa. Nyumba nyingi pale wanauza. Mtu anauza ya mama yake, anatafuta nyingine ya kufanana, anaifunika kitambaa ndugu asijue. Nimeona nyingi. Huwa sisemi, napaka tu. Nikasema, bi mkubwa naye yamemfika. Nikaipaka mara tatu, ipendeze, Bwana Adi asitambue. Aliponigeukia, nikajua ni kwa sababu mdogo wake yupo pale, anasikia. Sasa ningesema meza ilikuja hivyo, si ningemvua nguo mbele ya mtaa mzima?"

"Mimi?" alisema Bi Gulbanu. "Mimi niuze meza ya mama?" Ilianza kama kelele, lakini haikufika mwisho. Alishika ukingo wa meza ya Tawde. Kisha akazunguka, akakivuta kiti pekee kilichokuwamo chumbani, kiti cha Inspekta mwenyewe, akakisukuma mbele ya fundi.

"Kaa, Latif."

"Nina uchafu, bi mkubwa."

"Kaa!"

Hakukaa. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, na alipomaliza akasema, "Bi mkubwa, karatasi hiyo uliyotia sahihi, itafika mtaani?"

"Kwa nini?"

"Konstebo amenieleza jana. Nyumba tano zimekuja dukani kuchukua vitu vyao. Mwanangu amewapa, angefanya nini. Miaka thelathini na minane hakuna aliyewahi kuja kuchukua kitu kabla sijamaliza."

Bi Gulbanu alimpokonya Shelar mkoba wake, akashika mwavuli. Kidevu chake kilikuwa kimerudi mahali pake pa kawaida, juu.

"Inspekta, vaa kofia. Walikuona ukimpeleka, watakuona ukimrudisha. Tutagonga mlango mmoja mmoja, nami nitasema kwa mdomo wangu." Alikuwa tayari mlangoni. "Haya, Latif. Nyumba ya kwanza kuja ni ya nani?"

Mzee alirudi hatua moja nyuma.

"Nakuuliza, nani wa kwanza?"

"Ni kwako, bi mkubwa. Kiti cha kubembea cha Bwana Adi. Alikuja mwenyewe Jumanne jioni. Nilikuwa nimekipaka nusu."